Somo la 31: Kioo cha kompyuta na nyaya zake

1. Kompyuta ya mezani, ambayo wengine huiita ordinateri, hufanya kazi ndani ya sanduku lake. Kioo chake, yaani skrini, huonyesha kazi hiyo. Lakini kioo peke yake hakina picha: kila picha hukifikia kwa njia ya waya. Waya ukilegea, kioo huwa cheusi. Mtu wa haraka husema: «Kimekufa!» Hununua kingine kwa fedha nyingi, kumbe kioo kilikuwa kizima. Mwenye akili huangalia waya kwanza.

2. Waya wa VGA ulianza mwaka 1987. Kichwa chake kina sindano 15 katika mistari 3, na skurubu 2 za kuukaza. Sindano ya kwanza hupeleka rangi nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Ile ya kwanza ikivunjika, nyekundu haifiki, na ukurasa mweupe huonekana wa buluu na kijani. Basi, watoto, msisukume kwa nguvu. Linganisheni kichwa na tundu, kisha ingizeni polepole.

3. Waya wa HDMI ulianza mwaka 2002. Huu hupeleka picha na sauti pamoja; VGA haipeleki sauti. Tena, VGA hutumia umeme unaopanda na kushuka, lakini HDMI hutumia tarakimu 0 na 1. Kwa sababu hiyo, waya mtupu hauwezi kuunganisha tundu la VGA na tundu la HDMI. Lazima kiwepo chombo cha kugeuza. Kabla ya kwenda sokoni, andika majina ya matundu yote mawili, lile la kompyuta na lile la kioo. Hivyo hutapoteza nauli wala fedha.

4. Picha ya kioo imefanywa kwa nukta ndogo sana, ziitwazo pikseli. Vioo vingi vina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Zidisheni: 1920 × 1080 = 2 073 600. Katika kompyuta, chagueni hesabu ileile ya kioo chenu. Mkichagua hesabu nyingine, herufi hupoteza ukali wake.

5. Mwisho, tunzeni macho. Wekeni karatasi nyeupe kando ya kioo. Kioo kikiwaka kuipita sana karatasi, punguzeni mwangaza. Herufi zikififia, ongezeni kontrasti, yaani tofauti kati ya cheupe na cheusi.

Maulizo
1. Kioo kikiwa cheusi, utaangalia nini kwanza?
2. Sindano ya tatu ya VGA ikivunjika, rangi gani itapotea?
3. Kwa nini waya mtupu hauunganishi VGA na HDMI?
4. Kioo kina nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. Jumla ni ngapi?