Ukinunua kwa Simu Mpanda: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Jumia ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019. Hapa Katavi anayenunua mtandaoni leo huagiza zaidi kwa WhatsApp na Instagram: muuzaji yuko Kariakoo, pesa inapita kwa wakala kama mimi, mzigo unapanda basi. Hakuna kaunta wala shahidi. Kuna maandishi yenu wawili tu, na watu wanaandika ovyo, kisha wanakuja kulia dirishani kwangu.

FANYA: Andika oda kamili

Idadi, rangi, saizi, bei, nani analipia usafiri, basi gani, siku gani, nani anapokea. Yote kwenye ujumbe mmoja, na muuzaji ajibu amekubali kabla hujatuma hata shilingi. Mama mmoja wa Inyonga aliagiza sare za harusi kwa maneno manne: "nitumie zile za kijani". Zikaja za kijani kweli, za ua jingine. Zile zipi? Muuzaji hakuwa na kosa. Mama angeandika, "Doti 12 za kitenge cha picha ya tatu uliyotuma leo, elfu 18 kila doti, jumla 216,000", harusi ingekuwa na sare.

USIFANYE: Usipatane bei kwa kupiga simu ukaishia hapo

Mkishaongea, rudia kwa maandishi yale mliyokubaliana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa simu kama ushahidi. Maneno yaliyopita hewani utayathibitisha na nini? Na zima ile mipangilio ya meseji kujifuta zenyewe. Anayekuomba uiwashe ana sababu zake.

FANYA: Soma jina kabla ya kuweka namba ya siri

Simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Duka linaitwa hivi, namba ina jina la mtu mwingine, na bado unathibitisha! Dai lipa namba yenye jina la biashara. Akikataa, nenda sokoni Buzogwe ukanunue unachokishika.

USIFANYE: Usiamini picha ya risiti ya basi

Kijana wa Majimoto alilipia betri ya sola, akatumiwa picha ya risiti ya mzigo. Ukiitazama vizuri, kidole gumba kimelala juu ya tarehe. Yeye hakuitazama, alifunga safari mpaka stendi ya Mpanda kusubiri. Ofisi ya basi ilipoangalia namba ya risiti ile, mzigo ulikuwa wa mtu mwingine na ulishachukuliwa zamani. Piga simu ofisi ya basi mwenyewe, kwa namba uliyoipata stendi, si aliyokupa muuzaji. Ni dakika mbili.

FANYA: Waandikie ndugu zako kwa namna yako

Salamu zenu, majina yenu ya nyumbani, yaandike, ili siku tapeli akiandika kwa jina la ndugu yako umtambue. Mzee wa Kawajense aliletewa ujumbe kutoka namba ya mwanawe: "Baba nitumie laki mbili haraka". Akaniambia, "Huyu si mwanangu. Wangu hawezi kuniomba kitu bila shikamoo." Alikuwa sahihi, akaunti ya WhatsApp ya mwanawe ilishaibwa. Mtoto anayemwandikia baba yake neno moja moja kila siku anamrahisishia mwizi kazi.

USIFANYE: Usimtajie mtu zile tarakimu 6 za kuthibitisha WhatsApp

Hata akisema ni za kupokelea mzigo. Akizipata, anaandika kwa jina lako. Picha ya kitambulisho cha NIDA vilevile: muuza viatu anaitakia nini?

UKIWA UMESHATAPELIWA

Usianze kubishana na tapeli, unampa muda wa kutoa pesa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo, wazuie muamala. Ujumbe wa kitapeli utume 15040. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha nenda polisi na mazungumzo yote, tangu salamu ya kwanza, bila kufuta hata mstari.