Jinsi ya Kutoa Maoni Kijiweni: Mpira, Bao, Sinema na Siasa za Kazini katika Handeni na Korogwe

Kijiwe, yaani mahali ambapo watu huketi kila siku kwa mazungumzo, kahawa au mchezo, kina sheria ambazo hazikuandikwa popote, na mgeni anayehamia Korogwe au Handeni, awe mwalimu aliyepangiwa kituo kipya au kibarua wa shamba la mkonge, hutarajiwa kuzifuata tangu siku anapoketi mara ya kwanza. Makala haya yanazieleza sheria hizo kwa mada nne zinazotawala jioni za Manundu mjini Korogwe na Chanika mjini Handeni, yakiongozwa na hoja moja: maoni huwa halali pale yanaposemwa mbele ya mtu mwenye nafasi ya kuyajibu.

Utani kama msingi

Utani ni uhusiano wa kijadi unaowaruhusu watu wa makabila mawili, wa koo mbili, au babu na mjukuu wake, kukejeliana hadharani bila anayekejeliwa kuwa na haki ya kukasirika, na ambao wakati huohuo huwabebesha wajibu wa kusaidiana, hasa msibani, ambako mtani huwachekesha wafiwa huku akishika kazi za mazishi. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa namna hii kuwa ni utovu wa heshima ulioruhusiwa, na katika miaka hiyohiyo Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, alichapisha uchunguzi wake juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Korogwe na Handeni ziliuhitaji utani kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, yaliwakutanisha wenyeji Wazigua, Wasambaa na Wabondei na wafanyakazi wa mkataba kutoka mbali, walioitwa manamba, ambao walilazimika kuishi pamoja kabla hawajazoeana.

Mpira: kutaja upande na kukumbuka ya pande zote

Mashabiki wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyoanzishwa mwaka uliofuata, huitana watani wa jadi, na jina hilo hubeba masharti yote ya utani wenyewe. Mgeni anashauriwa kutaja upande wake mapema, kwa sababu asiye na upande hana cha kukejeliwa, na asiyekejeliwa huzungumza bila dhamana. Kisha anapaswa kukumbuka matokeo yote, yakiwemo yanayomuuma: shabiki wa Yanga anayeinua kiganja chenye vidole vitano kuadhimisha ushindi wa 5–1 wa tarehe 5 Novemba 2023 hujibiwa kwa kiganja kilekile, kwani Simba nayo ilishinda 5–0 tarehe 6 Mei 2012. Vilevile, anayeicheka Simba kwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika iliyopotea mbele ya RS Berkane mwaka 2025 ajiandae kukumbushwa ile ya mwaka 2023, ambapo Yanga ililikosa kombe hilohilo mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, yaani kanuni inayompa ushindi aliyefunga mabao mengi zaidi nje ya uwanja wake pale jumla inapolingana.

Timu ya nyumbani huhitaji uangalifu zaidi. Katika msimu wa 2015/16 timu tatu za Mkoa wa Tanga, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT yenye chimbuko lake wilayani Handeni, zilishuka daraja kwa pamoja, na anayelijadili anguko hilo hajui ni nani kati ya waliokaa kwenye benchi aliye mjomba wa beki au jirani wa kipa. Simba na Yanga ni za mbali kiasi kwamba kejeli haimfikii mchezaji. Mgambo ilikuwa karibu, na hapo kejeli inaweza kuhama kutoka kwenye timu hadi kwenye ukoo.

Bao na drafti: kunyamaza hadi mwisho

Katika bao la Kiswahili, linalochezwa kwa kete 64 kwenye safu nne za mashimo manane, kila mchezaji huanza na hatua ya namua, ambapo huingiza kete za mkononi moja baada ya nyingine, na kete hizo zikiisha huingia hatua ya mtaji, ambapo kete zilizomo mashimoni pekee ndizo huchezwa. Mtazamaji aliyeona kwamba nyumba ya mchezaji mmoja, yaani shimo lake kubwa lililojaa kete, iko hatarini kuliwa, hapaswi kusema wala kuikodolea macho, kwa sababu hata jicho huonyesha. Maoni yake hupokelewa mchezo ukimalizika, na hapo hutakiwa kuzirudisha kete mahali zilipokuwa na kuthibitisha alichokiona, kama ilivyo pia kwenye drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda. Asiyeweza kuzipanga upya hukosa hoja.

Sinema: kutofautisha filamu na mtafsiri

Wengi walizijua sinema za nje kupitia vibanda vya video na sauti ya mtafsiri, mtu anayeeleza mazungumzo kwa Kiswahili juu ya picha, ufundi uliopata umaarufu Dar es Salaam kupitia Lufufu. Kwa kuwa mtafsiri huongeza vichekesho na hata majina yake mwenyewe, anayesifu sinema kwa utamu wa maneno anapaswa kujiuliza kama anamsifu mwandishi wa sinema hiyo au aliyeitafsiri. Inatosha kuongeza kwamba mtu asitoe hukumu juu ya filamu aliyosimuliwa, na kwamba kutangaza mapema kama steringi, yaani mhusika mkuu, anakufa, ni kosa ambalo utani haulisamehi.

Siasa za kazini: mahali utani unapokoma

Mada hii ndiyo yenye hatari kubwa, kwa sababu bosi au mfanyakazi mwenza anayesemwa kwa kawaida hayupo. Kejeli dhidi ya asiyekuwepo huitwa majungu, na msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hutumiwa mno kuyahalalisha. Katika miji midogo kama hii, ambako mhasibu, dereva na mkuu wa idara hununua mboga soko moja, neno la saa kumi na mbili jioni humfikia mhusika kabla ya saa mbili asubuhi, likiwa limeongezwa chumvi njiani.

Lalamiko la kweli lina mahali pake pa kujibiwa. Mabaraza ya wafanyakazi, vyombo vya majadiliano kati ya uongozi na wafanyakazi, yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, na kifungu cha 15 cha Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, kilikataza kiongozi kuwa mwenye majivuno, dharau au uonevu. Leo mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeachishwa kazi anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini hupaswa kuwasilisha mgogoro wake ndani ya siku 30, hivyo anayelizungusha lalamiko vijiweni kwa mwezi mzima hupoteza marafiki na haki kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo mfanyakazi mgeni anashauriwa kutumia kijiwe kuuliza utaratibu bila kutaja jina la mtu: nani katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, barua hupelekwa wapi, nakala hugongwa mhuri na nani. Maswali hayo hayamsengenyi yeyote, na wazee wa kijiwe, ambao wengi wao waliwahi kuajiriwa, huyajibu kwa usahihi kuliko wanavyotabiri matokeo ya Jumamosi.