Askari Akikudhuru Akiwa Nje ya Zamu, Nani Alipe?

Tuchukue mfano. Ni jioni huko Murangi, mkoani Mara, dagaa wamekwisha kuanuliwa na watu wanatoka mwaloni. Kijana mmoja anadaiwa hela ya nyavu. Anayemdai ni askari, ila leo hayuko zamu. Amevaa fulana na kandambili. Anamshika mkono, anamwambia: "Mimi ni polisi, twende kituoni." Kijana anamfuata kwa sababu ya neno hilo tu. Njiani anapigwa mpaka mkono unavunjika. Kesho yake mzazi anapokwenda kulalamika anajibiwa: "Mama, huo ni ugomvi wa watu wawili. Alikuwa amevaa kiraia, Serikali haihusiki."

Wengi huishia hapo. Inauma, kwa sababu jibu hilo halitoshi kisheria.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inaiwajibisha Serikali kwa madhara yanayofanywa na watumishi wake, kama mwajiri mwingine yeyote. Kinachotazamwa ni kama kitendo kilihusiana na kazi. Katika shauri la Muwonge dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, lililoripotiwa mwaka 1967, mtu aliuawa kwa risasi ya askari wakati wa ghasia. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema Serikali inawajibika hata kama askari alitenda kwa makusudi au kwa jinai, ilimradi alikuwa katika kutekeleza kazi ya polisi.

Na akiwa nje ya zamu? Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la binti aliyekuwa na miaka 13 alipobakwa mwaka 1998. Mpelelezi mmoja alimpa lifti usiku. Hakuwa na sare wala hakuwa zamu, ila alikuwa katika orodha ya wanaoweza kuitwa wakati wowote, na gari lilikuwa la polisi. Binti aliona redio ya polisi na majalada ndani, akaamini yuko mikononi mwa mtu salama. Mahakama ilisema Serikali ilipe, kwa kuwa gari na imani ile ndivyo vilivyomfungulia mkosaji njia. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuutumia kumshawishi jaji.

Kuna na njia ya pili ya kuiwajibisha Serikali. Katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, askari aliacha lindo, akaingia baa na bastola ya kituo, akafyatua risasi kwa ugomvi wake binafsi. Mwaka 2004 Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya visiwa hivyo, liliona kwamba alikuwa katika mambo yake mwenyewe. Hata hivyo Serikali iliwajibika kwa uzembe wake yenyewe: ilimkabidhi silaha mtu ambaye mwenendo wake ulikwisha kulalamikiwa. Kwa hiyo waulize majirani kama askari aliyekudhuru aliwahi kuripotiwa, na kama wana namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa kituoni.

Yote haya yanasimama juu ya ushahidi mdogo mdogo unaosahaulika haraka. Andika siku hiyohiyo: alisema yeye ni polisi? Alionyesha kitambulisho, pingu, silaha? Alitumia gari au pikipiki ya kituo? Alikupeleka mahabusu? Nani alisikia? Neno "twende kituoni" la kijana wetu lina uzito kuliko zile kandambili. Chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na utunze nakala. Kama kituo cha karibu ndicho anachofanyia kazi, nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya au kamanda wa mkoa.

Mara nyingi utasikia askari mtuhumiwa amefukuzwa kazi kabla ya kufikishwa mahakamani. Usidhani dai limekufa. Kinachoangaliwa ni alivyokuwa siku ya tukio. Wala usingoje kesi ya jinai iishe, maana dai la fidia linasimama peke yake na kiwango chake cha uthibitisho ni cha chini.

Muda ndio unaowaangusha watu. Madai ya madhara ya namna hii kwa kawaida yana miaka 3, lakini dai juu ya kitendo kinachosemekana kilifanywa kwa mujibu wa sheria, mathalani ukamataji, lina mwaka 1. Basi wewe hesabu mwaka 1. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na kwa mtu wa Murangi, Bunda au Butiama hiyo iko Musoma. Tangu Sura ya 5 iliporekebishwa mwaka 2020 ni lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Ukimwacha, shauri linaharibika. Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure. Ofisi ya halmashauri itakuelekeza.

Kabla ya kufungua shauri, toa notisi ya siku 90 kwa Jeshi la Polisi na wizara yake, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, ukieleza kilichotokea na unachodai. Nenda na nakala ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele yako, urudi nayo nyumbani.