Amerudi Kutoka Dar, Hataki Kuonekana

Swali: Daktari, mdogo wangu alisajiliwa na timu ya mpira Dar akiwa na miaka 18. Mkataba umevunjwa, amerudi Bariadi. Halali usingizi, na hataki hata kwenda gulioni, anasema watamcheka. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, kaka. Sifa zilimjia mapema, akajiona yeye ni mpira tu. Mpira ulipokatika, akajiona amekwisha. Usimwambie "jikaze", msikilize. Hayuko peke yake: Dele Alli, nyota wa zamani wa England, alieleza mwaka 2023 alivyotibiwa uraibu wa dawa za usingizi. Januari 2025 akasajiliwa Como ya Italia. Kwetu, mwanasoka Mrisho Ngassa alicheza Afrika Kusini na Oman, kisha akavaa tena jezi ya Yanga.

Hali ikizidi wiki mbili, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Akitaja kufa, msimwache peke yake. Nendeni siku hiyohiyo.