Dondoo muhimu: Baiskeli katika vilima vya Chianti, Italia

- Njia: Anzia mji mdogo wa Gaiole in Chianti, Toscana. Njia ya kudumu ya L'Eroica, tamasha la baiskeli, ina kilomita 209 na imewekewa vibao. Chagua kipande unachokimudu.
- Majira: Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali mno.
- Baiskeli: Barabara nyeupe za changarawe zinataka tairi pana, milimita 32 hivi, na gia nyepesi za kupandia.
- Mteremko: Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, changarawe huteleza.
- Maji: Jaza chupa kila kijiji. Maduka mengi hufungwa mchana.
- Sheria: Nje ya miji, fuataneni mmoja mmoja. Usiku, vaa kizibao cha kuakisi mwanga.