Vumbi Lililoua Watu 1,099

Wazee wetu wa njia ya reli waliyajua makaa ya mawe ya Luena, upande wa Bukama, yaliyochimbwa tangu zamani za Wabelgiji. Leo tujifunze habari ya machimbo mengine, yale ya Courrières, kaskazini mwa Ufaransa. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Machi 1906, walikufa humo watu 1,099, na miongoni mwao wavulana wengi.

Siku chache kabla, moto ulikuwa umeonekana katika shimo mojawapo. Mjumbe wa wachimbaji, Pierre Simon, alitaka watu wasishuke mpaka uzimwe. Hakusikilizwa, kazi iliendelea. Yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ardhi ilinguruma.

Je, vumbi lawezaje kuua? Tazameni gogo jikoni: huwaka polepole, kwa maana hewa huligusa nje tu. Lipasueni vijiti, litawaka upesi. Basi vumbi la makaa lirukapo, kila chembe huzungukwa na hewa pande zote, nalo huwaka lote kwa mara moja. Upepo wa mlipuko huinua vumbi jingine lililolala chini, na moto huja nyuma yake ukilila. Hivyo moto hujilisha wenyewe, ukikimbia njia hata njia. Mashimo ya Courrières yalikuwa yameunganishwa chini kwa chini, wala hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Na wale ambao moto haukuwafikia, wengi waliuawa na hewa ya sumu isiyo na harufu.

Baada ya siku tatu wakuu waliacha kuwatafuta watu, wakidhani hakuna aliye hai. Lakini tarehe 30 Machi, siku ya 20, watu 13 walitokea wenyewe gizani! Walikuwa wamekula magome ya nguzo na nyama ya farasi wa mgodini. Tarehe 4 Aprili akatoka mmoja tena. Kwangu mimi, hao 14 ni habari nzito kuliko hesabu ya wafu. Kwa maana ni wangapi wengine waliongoja mle, wakisikiliza kama kuna anayekuja?

Baadaye wataalamu walijaribu kunyunyiza vumbi la mawe, lisilowaka, juu ya lile la makaa, na desturi hiyo ikaenea migodini.

Ulizo la darasani: Kabla ya kusema kwamba hakuna aliye hai, wakuu wale walipaswa kufanya nini?