Upele wa Mbwa: Ufahamu, Utibu, Weka Mbali Oili Chafu

Mbwa mwenye viroboto hujikuna, kisha hulala. Mwenye upele hapati usingizi, na wenye nyumba nao hawapati. Chanzo ni wadudu wa utitiri, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaochimba ngozi na kutaga mayai humo. Tazama kwanza kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo: manyoya hunyonyoka, ngozi huwa nyekundu, halafu hufanya magamba. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole ukiwa umevaa glavu. Mguu wa nyuma ukianza kujikuna wenyewe, mshuku upele.

Ipo aina nyingine, ya utitiri wanaoishi kwenye vinyweleo. Mtoto wa mbwa huwapata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya. Huota vipara kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, mara nyingi bila kuwashwa sana. Aina hii haiambukizi watu. Ikimzukia mbwa mzima, huenda kuna maradhi mengine yaliyomdhoofisha.

Daktari wa mifugo hukwangua ngozi na kuipima kwa hadubini. Asipoona mdudu, usishangae akianza tiba: wale wanaochimba huwa wachache na hukwepa kipimo mara nyingi.

Sasa oili chafu. Wapo watakaokuapia kwamba iliwaponyea mbwa. Lakini mbwa hujilamba, na alichopakwa humwingia tumboni. Oili huunguza ngozi na kudhuru ini na figo. Mafuta ya taa ni yaleyale. Amitrazi ya josho ni dawa kweli, ila ikichanganywa kwa kukisia huua. Ivamektini ya sindano ya ng'ombe nayo isitumike bila daktari: mbwa wengi wa jamii ya koli huirithi kasoro inayoifanya iwe sumu kwao.

Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna: afoksolana hudumu mwezi mmoja, fluralana wiki 12 hivi. Yai hufikia kuwa mdudu mzima kwa takriban wiki 3, hivyo usikatishe dawa kwa kuwa mwasho umepungua. Tibu mbwa wote wa boma siku moja, hata asiyejikuna. Magunia wanayolalia yachomwe. Matambara yafuliwe kwa maji ya moto.

Watu wa nyumbani wanaweza kuota vipele mikononi na tumboni. Utitiri wa mbwa hawazaliani kwa binadamu, kwa hiyo vipele huisha mbwa akitibiwa. Visipoisha, nenda kituo cha afya: huenda ni upele wa binadamu, wenye dawa yake.